Zamu ya Alhamisi

Mwaka wa Ekaristi, tumepangiwa zamu za kuabudu:
jumuiya yetu ya Mbagala, Alhamisi, saa tisa usiku.
Mama Generoza anasinzia na rozari mkononi.
Mimi siwezi.
Miaka kumi na tisa sijakomunika;
Kizito bado anadaiwa mahari, mbuzi wawili,
na padre anataka ndoa.

Umeme umekatika.
Mbu wanajilia tu, wao hawaulizwi cheti.

Pale mbele, kwa mwanga wa mishumaa,
kaduara keupe, kembamba kuliko chapati ya maji.
Tunakesha wawili.
Sijui nani ana njaa zaidi.

Kukipambazuka nafua vitambaa vya altare.
Maji ya kwanza nayamwaga kwenye mwaridi,
si karoni.
Leo tone limebaki kiganjani.

Sijalifuta.