Oda ya Karatasi

Karatasi za kura haziokotwi njiani.
Huagizwa miezi tisa kabla, kama mimba,
uzito wake, upana wake, rangi ya kila kata.
Kwa hiyo Februari hii, theluji ikiwa imefika madirishani,
nimeketi na fomu ya mchapishaji
na kisanduku kimoja kitupu: Idadi.

Mimi ni karani wa kaunti moja ya Wisconsin
ambako ng'ombe ni wengi kuliko wapiga kura.
Miaka kumi na tisa nimetoa leseni za ndoa na za mbwa,
nimeandikisha vifo,
na Novemba zikifika nimehesabu nia za watu
bila mtu kulijua jina langu.
Sasa wanalijua.
Mwenye kelele hana neno, husemwa;
lakini huyu wa saa nane usiku ana namba ya simu yangu,
ana hata rangi ya gari la binti yangu.

Nikumbuke nini, ili niijaze fomu?

Nakumbuka wiki ya kuhesabu upya,
chini ya mahakama, chumba chenye bomba linalovuja.
Sheria inataka kila meza wawili,
mmoja wa chama hiki, mmoja wa kile.
Meza ya nne walikaa Darlene Voskuil na Orrin Tveit,
majirani wa ua mmoja
wasiosalimiana tangu kiangazi cha mabango.
Orrin ndiye aliyekuwa akimwondolea Darlene theluji
tangu mumewe alipofariki.
Mwaka ule mashine yake ilikomea mpakani,
mstari mnyoofu, kama uliopigwa kwa rula.

Walihesabu. Hamsini, mpira. Hamsini, mpira.
Nje kipaza sauti kilidai tumeiba.
Ng'ambo ya barabara kipaza sauti kingine
kilidai tunataka kuiba.
Ukiwa chini ya ardhi vyote viwili
ni nzi yuleyule ndani ya chupa.

Saa tisa alasiri ikatokea karatasi moja:
mpiga kura alijaza duara la juu,
akalikata, akaandika pembeni kwa mkono wa kutetemeka,
Samahani, nimekosea. Namtaka huyu wa chini.

Samahani!
Nani siku hizi huiandikia serikali samahani?

Wa chini alikuwa wa chama cha Darlene.
Orrin akavaa miwani, akasoma, akasoma tena.
Niliona taya lake likitafuna kitu
ambacho hakikuwamo kinywani.
Bomba likadondosha. Likadondosha.
"Kasema anachotaka," alisema. "Mpe."
Darlene hakusema asante.
Aliiweka kwenye fungu lake,
kisha akamsogezea kopo la mipira,
maana la Orrin lilikuwa limekwisha.

Nisitie chumvi. Hawakupatana.
Wenzake walimzomea Orrin kwenye maegesho,
na theluji, hadi leo, inakomea palepale.
Asiyekubali kushindwa si mshindani:
tuliwafundisha hilo watoto wa mpira wa kikapu,
tukakaa kwenye mabenchi tukipiga makofi,
tukidhani tayari sisi tunajua.

Sijui nchi hii itakuwa nini Novemba ijayo.
Wanaojua wako kwenye televisheni.
Mimi najua kwamba Darlene amekubali kurudi,
Orrin hajajibu barua yangu,
na kwamba kwenye droo, chini ya fomu,
ipo barua yangu ya kujiuzulu, haina tarehe.

Mwongozo unashauri nikadirie:
theluthi mbili watakuja, waliobaki watachoka.
Naandika wote. Kila jina lililomo daftarini,
hata la yule wa saa nane usiku,
maana naye ni wa kata ya saba, nimemtambua kwa kikohozi.
Na mia mbili za ziada,
kwa watakaokosea
na kuomba nyingine.