Mizani

Kidato cha Tano, Urambo, kipindi cha baada ya uji.
Niliandika ubaoni: Umarx, ufeministi, umuundo.
Chaki ikaniishia kwenye herufi ya mwisho,
nikaimalizia kwa kidole chenye mate.

Shairi lilisifu mavuno ya tumbaku:
beti saba, kumi na sita kila mshororo,
vina havikuteleza hata kimoja.
"Pimeni mizani," nikasema. Wakahesabu kwa vidole.

Kalunde hakuhesabu.
"Mwalimu, hata mizani ya chama ilikuwa sawasawa.
Baba aliisoma mwenyewe, kilo zikatimia,
tukarudi nyumbani na deni la mbolea."
Darasa likacheka, kisha likaacha.

"Humu mna jua, mna jembe, mna bwana shamba
na kofia yake.
Aliyefunga majani kwenye fito usiku kucha
yumo ubeti wa ngapi?
Aliyechochea bani akakohoa mpaka alfajiri?"

Nikafunua daftari langu la chuo:
majina ya watu wa mbali, miaka waliyokufa,
mishale niliyochora kwa wino mwekundu.
Hapakuwa na mshale ulioelekea bani.

Mimi ni wa Sikonge.
Ada yangu ilinuka moshi huo.
Fasihi nilifaulu vizuri mno, nikachambua wakulima
kurasa kwa kurasa
bila kikohozi cha mama hata kimoja.

"Soma tena," nikamwambia Kalunde, "taratibu."
Kila kituo akatua, akakawia.
Ubaoni, herufi ya mate
ilishakauka.