Pindo Lililobaki

Mashine ilinitazama, nami nikakodolea nukta nyekundu.
"Usipepese, Mama Nhonya." Sikupepesa.

Daktari akasoma namba polepole,
akauliza habari za makovu.
La kwanza, nikamwambia, ni la vikope:
Mvumi, darasa la tatu, mama kanishika miguu.
La pili mwiba wa mgunga,
nikirudisha mbuzi kule Hombolo;
walishona nyuzi tano, nyembamba kuliko unywele.

Akanyamaza. Kisha: "Konea imebaki nyembamba.
Leza hunyoa. Kwako hapana pa kunyoa."

Nikacheka. Akashangaa.
Miaka ishirini kibarazani Majengo
nawaambia wateja maneno hayohayo:
gauni hili lilishapunguzwa, likaachiwa,
pindo limekwisha,
nikitia mkasi tena utavaa nini?
Nao hununa,
kama nilivyotaka kununa mimi.

Nje, upepo wa Agosti na vumbi lake.
Nikavua miwani, nikaifuta kwa ncha ya kanga:
fremu ileile, mguu mmoja umefungwa uzi mweusi.

Jioni nimejaribu kutia uzi sindanoni
mara nne.
Ya tano umeingia.