Swali la Kumi na Saba

Lilikuwa swali jepesi tulipolitunga Khulna,
chini ya pangaboi linalokohoa,
chai ikipoa ubavuni mwa kompyuta:
Ungekuwa tayari kulipa taka ngapi kwa mwezi
upate maji matamu mlangoni pako?
Profesa Rehnuma alisema liwe fupi.
Likawa fupi. Tukalipa namba,
tukalipa kisanduku, nikashuka kusini
na madodoso mia mbili na arubaini.

Huko mashamba ya mpunga yamegeuzwa mabwawa.
Walitoboa tuta, wakaikaribisha bahari,
wakafuga kambamiti wa kuuza ng'ambo,
wanaovuka mipaka wamelala kwenye barafu
bila kuulizwa pasipoti.
Katika jedwali la taifa, kambamiti ni mshale unaopanda.
Katika kisima cha Bi Shorola Mondol, ni chumvi.

Nilimkuta ndiyo kwanza ametua mtungi.
Nikauliza umri. Nikauliza kuku. Nikauliza mume
(yuko Dhaka, anaendesha riksho, hupiga simu Ijumaa).
Nikafika kumi na saba.

Akanitazama
kama mtu anayetazama mizani
ya muuzaji mwenye kidole kizito.

"Nilipe?
Mgongo huu unaouona ndio stakabadhi.
Binti yangu Ponchomi aliacha darasa la saba,
maana foleni ya maji huanza kabla ya kengele.
Andika hilo. Nimeshalipa, tena nimetanguliza.
Sasa ligeuze swali lako, mwanangu:
kamuulize mwenye bwawa
atanilipa taka ngapi
kwa kila usiku ninaolala na kiu."

Dodoso halikuwa na nafasi ya kugeuzwa.
Nikaandika hasi tisini na tisa.
Ndivyo tunavyoandika: amekataa kujibu.

Amekataa kujibu!
Mtu aliyejibu mpaka mate yakamkauka.

Hasi tisini na tisa zilifika sitini na moja.
Mhakiki wa jarida, kutoka mbali, aliandika kwa adabu:
ziondoeni, zinachafua wastani.
Profesa alikaa nazo wiki tatu.
Jioni moja nilimfumania ofisini
amejaza ndoo ya mfagizi,
anaizunguka meza yake, anahesabu hatua,
maji yakimrukia viatu vya ngozi.
Hakunieleza kitu. Alisema tu:
rudi. Safari hii nenda na saa, na mizani.

Tukapima mitungi: kilo kumi na nne.
Tukapima njia: dakika hamsini kwenda,
sitini kurudi, maana kurudi ndiko kwenye mzigo.
Tukazidisha kwa ujira wa kibarua,
tukazidisha kwa wanawake wa vitongoji vinane,
na jumla ilipotoka
ikausimamia ule mshale, kifua kwa kifua.

Wizarani bwana mmoja aliuliza
kama tunao muhtasari wa ule muhtasari.

Mtaka maji hana taka,
mwenye taka ana bomba lake.
Sisi katikati tuna kalamu,
na kalamu nayo ni tuta:
lina wanaolijenga,
lina wanaolitoboa usiku.

Mwaka uliofuata nilimpelekea Bi Shorola ripoti.
Shuleni palikuwa na tangi moja la kuvunia mvua.
Bwawa lilikuwepo vilevile, limeongezwa taa.
Ponchomi alikuwa akishona vikapu barazani,
hakuinua macho.
"Nisomee mimi nipo wapi," mama yake akasema.
Nikapekua, nikasoma:
kaya ya mia moja na kumi na mbili,
dakika mia moja na kumi kwa siku.

"Mia na ishirini," akasema.
"Masika tuta linateleza."

Nikatoa kalamu,
nikasahihisha pambizoni.