Ukija Maskati, Ule Wapi

Umeniuliza, Maulidi, ukishuka Maskati ule wapi,
nami nimekaa na swali lako tangu alfajiri
kama mtu aliyeombwa awapange wanawe kwa uzuri.

Basi anzia Ruwi, nyuma ya maduka ya saa,
pale kiyoyozi kinapomdondoshea maji kila apitaye.
Usiingie. Kaa garini, piga honi mara moja.
Moja tu; mbili ni ugomvi.
Atatoka Shaji, mtu wa Kerala,
mwaka wa ishirini na sita huu anakimbia na trei baina ya magari:
chai ya maziwa, iliki ya kupondwa, tangawizi ya kukwaruza koo,
baisa mia.
Mwambie sukari kidogo. Atatikisa kichwa, atakubali,
kisha atakuletea tamu vilevile.

Mishkaki ni Sib, baada ya Isha, si kabla.
Mpite mwenye taa nyingi.
Mtafute Dilmurad, Mbalushi, anayepepea makaa kwa kipande cha boksi.
Ngisi, ng'ombe, ukwaju uliotiwa pilipili bila huruma.
Hahesabu anapokupa. Ukimaliza hutupia jicho sahani,
akakutajia idadi ya vijiti.
Hajakosea hata siku moja.
Mimi nilificha kimoja mfukoni, kumjaribu.
Alinidai kimoja.

Boko boko hapa huitwa harisi. Usibishane.
Nimebishana miaka thelathini
na samli imekuwa ikigandia sahanini.

Ukikumbuka kwenu, panda Khuwair,
ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa.
Hakuna jina mlangoni, karatasi tu: UROJO UPO.
Ndani, wazee wa kanzu nyeupe na kofia za kushonwa kwa mkono,
huyu kazaliwa Wete, yule Bujumbura,
wanatoleana macho kwa Kiswahili:
embe mbichi itiwe, isitiwe?
Bi Zuwena hawasikilizi. Anatia.
Msichana anayehudumu ni Mfilipino,
na ukichelewa atakwambia, kwa lafudhi ya Makunduchi kabisa,
"Umekwisha, baba. Rudi kesho."

Utataka shuwa. Kila mgeni hutaka.
Watakuuzia, kuna mpaka picha ya ngamia ukutani.
Sikuzuii, hela ni zako.
Ila shuwa ni shimo, na shimo lina wenyewe:
wajomba wanaogombana juu ya kuni,
nyama iliyolala ardhini usiku mzima na viungo vyake,
watoto wanaoamka kuuliza kama imeiva.
Hiyo haina menyu. Uje Idi, ulale kwetu.

Na upo mmoja nilitaka kuuruka.

Njia ya Amerat, ukishapita mzunguko wa pili,
rangi ya kijani iliyobanduka, viti vya plastiki.
Wali wao umebondeka. Kuku mkavu.
Saladi ni tango na kisu butu.
Tuliingia pale adhuhuri ya mwezi wa saba,
wanaume kumi na mmoja,
udongo wa kaburi la baba ungali kwenye makubadhi yetu.
Tulikaa. Hakuna aliyeagiza.
Mwenyewe, Myemeni, akatutazama miguuni,
akaenda kuzima televisheni.
Akaleta maji. Akaleta sinia mbili, kisha ya tatu.
Kaka yangu, ambaye hakula tangu juzi yake,
akaung'ata ule mnofu mkavu, akautafuna taratibu,
akaomba ndimu.

Tulipotaka hesabu
yule bwana alikuwa anafuta meza,
meza iliyokuwa safi,
anaifuta tu, katupa mgongo.

Nimerudi mara nyingi. Kuku hajabadilika.
Nenda, Maulidi, siku yako ya mwisho, kabla ya uwanja wa ndege.
Agiza kuku. Omba ndimu.
Ukimpa cha juu atakataa.
Kiache chini ya sahani, uondoke haraka.