Tabo Mbili, Kitanda Kimoja

Ile ndogo niliing'oa kwenye Pajero iliyopinduka Lugazi;
kubwa ni ya Fuso, Kisekka, siku tatu za kubishania bei.
Bomba linaloziunganisha lilikuwa mguu wa kitanda chetu.
Tangu hapo twalala chini,
na Nabukeera hanisemeshi.

Okwakol akachomelea bila miwani, akaguna:
pikapu hii imebeba matoke miaka ishirini,
leo waiambia ikimbie?

Jumapili, Busiika. Taa ya kijani.
Ndogo ikapuliza.
Kubwa ikachelewa, kama mgeni wa heshima,
kisha ikaingia,
na roho yangu ikabaki kwenye mstari.

Robo maili. Nikawa wa pili,
kati ya wawili.

Moshi ulipotua, Nabukeera alikuwa ukingoni, masizi uso mzima,
na neno lake la kwanza tangu Februari:
Rudia.