Joto Lisilo na Rangi

Chuma nakijua.
Kikianza kuiva huwa damu ya mzee,
kisha chungwa, kisha njano ya kuumiza macho;
hapo fundi husogea nyuma kidogo.
Miaka kumi na moja nachomelea mageti ya watu hapa Mburahati
na sijawahi kumuuliza mtu: hiki kimepata moto?

Lakini wewe, Sikudhani, una miezi saba
na joto lako halina rangi.

Nakuwekea kiganja. Kiganja changu sugu tupu,
kilikufa ganzi zamani.
Nakuwekea shavu.
Shavu ndilo linaloniambia.

Mama yako yuko zamu ya usiku,
anapiga deki wodi ya watoto wa wenzake,
simu kaifungia kabatini mpaka saa kumi na moja.
Maziwa aliyokukamulia umeyakataa.
Luku ililia tangu saa mbili, nikaiacha ilie;
sasa imenyamaza, na feni nayo.

Dawa nimeipima kwa tochi ya simu.
Mimi wa kukata bomba kwa kukadiria,
nimepiga magoti sakafuni kutafuta mstari
mwembamba kuliko unywele, ubavuni mwa kijiko cha plastiki.
Nusu umeimeza. Nusu iko shingoni kwangu.
Nikasimama kama mjinga: niongeze, nisiongeze?
Sikuongeza.

Mama Shamimu wa chumba cha mbele kagonga.
"Meno hayo," kasema mlangoni.
Kisha kakugusa, kasema tena, polepole: "Meno gani haya."
Kaniamuru nikuvue soksi, nikuvue na sweta la bibi yako,
maji yawe ya uvuguvugu, si ya mtungini,
na nisiyaache macho yako usiku kucha.
Yakigeuka tu, nisivae hata viatu, nimgongee kwa teke.
Neno lenyewe hakulitaja.
Sote wawili tulilisikia likipita koridoni.

Saa nane.
Nailowesha kanga ya mama yako, ile iliyopauka, naikamua.
Kwapani. Mapajani. Kisogoni.
Unanitazama tu. Afadhali ungelia.
Sina hadithi, wala wimbo siujui mpaka mwisho,
basi nakusimulia ya dukani:
bomba la inchi mbili limepanda tena,
na yule mzee wa geti la bluu hajamaliza deni lake.
Umefumba macho. Nimeyafumbua kwa kidole, nione kama yamo.
Samahani.

Saa kumi kasoro, jasho.
Lilianzia puani, vitone kama vya kifuniko cha sufuria.
Nikaweka shavu. Nikaweka na la pili,
maana la kwanza sikuliamini.
Ukanidaka kidole, ukaniuma kwa ufizi,
na kweli, chini hapo, kitu kama chembe ya mchanga.
Mama Shamimu hakukosea yote.

Kukicha tutakwenda zahanati hata hivyo.
Watakutoboa, wapime malaria, utanichukia mpaka mchana.
Kwa sasa kitafune tu hicho kidole.
Kina harufu ya moto, najua.
Nimekiosha mara tatu. Haitoki.